Migomo Miwili, Kofi Moja

Nimempiga dada yangu mara moja tu maishani. Nilimpiga kwenye lango la hospitali ya serikali huko Kajiado, saa sita mchana, akiwa amevaa sare yake ya unesi, wenzake wakiangalia. Nasema mapema ili usije ukanihurumia katikati ya hadithi halafu ujione umechezwa. Mimi ni mtu wa hasira, nimekuwa hivyo tangu utotoni, na sitaki kujipaka mafuta hapa.

Mama yetu anakaa Kitengela, nyuma ya soko, na kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunakutana kwake kula. Mimi nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha misumari pale pale Kitengela, na wenzangu walikuwa wamenichagua niwe mwakilishi wao wa chama. Dada yangu alikuwa katibu wa tawi la chama cha manesi. Wote wawili watu wa chama, wote tumeshika kadi. Ungefikiri tungekuwa upande mmoja. Thubutu! Hakuna Jumapili chapati iliisha kabla hatujashikana mashati.

"Nyinyi wa serikali mnacheza mgomo," nilikuwa nikimwambia. "Mnakata matawi, mnapuliza vuvuzela, jioni mnarudi nyumbani. Gavana akikasirika sana anaenda kortini. Mimi nikizima mashine saa mbili, saa nne jina langu limebandikwa getini."

"Na mashine yako ikizimwa nani anakufa?" aliniuliza. "Msumari? Mimi nikigoma kuna mama anajifungulia juu ya bodaboda. Kwani unadhani hiyo inanipa usingizi?"

"Basi msigome. Chama cha nini kwa mtu ambaye hawezi kufutwa?"

"Hapo ndipo wanataka ufike. Glavu hakuna, dawa hakuna, nesi mmoja wodi nzima, halafu nikifungua mdomo naambiwa kazi yangu ni wito. Wewe mwajiri wako akikuchosha unavuka barabara unaingia kiwanda kingine. Wangu ni mmoja, kutoka hapa mpaka Ngong mpaka Ewuaso Kedong. Mimi nihamie wapi?"

Mama alikuwa akitusikiliza huku akigawa nyama. "Mimi ndio nimewaandika nyinyi wote wawili," alisema siku moja. "Huyu namlipa na kodi, na wewe, hii nyumba yote imeshikwa na misumari niliyonunua. Na hakuna mmoja wenu amewahi kuniuliza kama ule mgomo mimi nimeukubali. Kuleni."

Jumapili ninayotaka kusema, manesi walikuwa wiki ya pili ya mgomo, na sisi kiwandani tulikuwa tumepanga wetu uanze Jumatano. Nilikuja nimechemka. Nilimwambia dada ana roho ngumu, anafungia watu lango wafe ili aongezewe marupurupu. Akaanza kunijibu. Nilichukua sahani nikairusha ukutani, mchuzi ukashuka kwenye kalenda ya kanisa, na niliendelea kupayuka. Alichosema wakati ule nilikuja kuambiwa na mama baadaye. Alisema: lango tumefunga, lakini wa dharura tunawapokea, na ufunguo niko nao mimi mwenyewe mfukoni. Alisema mara mbili. Mama alimsikia vizuri, na mama alikuwa mbali kuliko mimi.

Sasa nikuambie juu ya rafiki yangu. Alikuwa Mmasai wa Ewuaso Kedong, mashine yake imekaribiana na yangu, na alikuwa mtu wa maneno. Mimi nilikuwa hasira ya chama pale kiwandani, yeye alikuwa mdomo. Nilikuwa nikiwafokea vibarua wajaze fomu za kujiunga, wananikimbia. Yeye anawasalimia tu, "Sopa," anawauliza habari ya watoto, anawachekesha, na kabla chai haijapoa ana sahihi kumi. Meneja mwenyewe alikuwa akimwogopa yeye zaidi ya mimi, maana mimi ningetukana tu nimalize, lakini yeye angemwuliza swali.

Tulipoanza urafiki nilimkaba shingo. Ilikuwa saa ya chakula, tumekaa nje ya geti, na tulibishana juu ya jambo ambalo hata silikumbuki. Nilipomshika kola hakujitetea. Aliinama akang'oa nyasi kidogo, akaniinulia mbele ya uso. Nilizidi kuwaka. Nilidhani ananiita ng'ombe.

"Wewe kweli mtu wa shamba," aliniambia akicheka, na kola yake bado mkononi mwangu. "Kwetu mtu akishika nyasi umemaliza. Hata kama amekuulia ng'ombe wote. Unashusha rungu, mnakaa, mnaongea."

"Na asiposhusha?"

Aliniangalia kama nimemwuliza mtu asipopumua. "Atashusha," alisema.

Mgomo wetu ulikuwa na sababu moja. Kampuni ilikuwa ikituandika kwa miezi mitatu mitatu, na muda ulipoisha, kila aliyekuwa amejaza fomu ya chama hakuandikwa tena. Hawakusema ni kwa ajili ya chama. Walisema kazi imepungua, halafu kesho yake wanaingiza wageni. Serikalini nesi angeandika malalamiko, yangepanda ofisi baada ya ofisi. Kwetu hapakuwa na ofisi, palikuwa na geti. Jumatano asubuhi tukazima mashine zote, tukatoka nje, na wengine wakaenda kuchoma tairi kwenye barabara ya kwenda Nairobi ili lori za kampuni zisipite. Tairi hizo ni mimi niliyeagiza.

Saa tatu hivi lori lilikuja. Halikuwa na polisi, polisi walikuwa kule kwenye tairi wakirusha vitoa machozi. Lilikuwa limejaa vijana wa kukodishwa, sijui wametolewa wapi, kila mmoja na rungu jipya lenye rangi bado inanuka. Waliungana na masoja wa kampuni, wale wazee wa Kimasai tuliokuwa tukiwasalimia kila asubuhi, na wakatuingia. Mama mmoja wa sehemu ya kupakia alipigwa teke la tumbo akakaa chini bila sauti. Mwenzangu wa zamu alitema meno kwenye udongo wa murramu. Mimi nilipigwa mgongoni mara mbili, nikageuka, nikaokota nondo. Nilimpiga kijana mmoja begani nikasikia mfupa umeitika. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilitafuta mwingine.

Ndipo nikamwona rafiki yangu. Soja mmoja mzee alikuwa anamjia ameinua rungu juu kabisa. Rafiki yangu hakukimbia. Aliinama, akang'oa nyasi, akainuka nazo. Na yule mzee akasimama. Nilimwona kwa macho haya: mkono ukashuka polepole, rungu likagusa mguu wake, na midomo yake ikaanza kusema kitu kwa Kimaa.

Lakini nyuma ya rafiki yangu kulikuwa na kijana wa lori. Yeye alikuwa ameona mgomaji akiinama mbele ya soja, na mahali pa kurushiana mawe mtu akiinama anaokota jiwe. Hakungoja aone mkono una nini. Alimpiga kwa nguvu zake zote upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio.

Yule mzee alimpiga kijana huyo rungu la mdomo hata kabla mimi sijafika. Kijana alikuwa akilia na damu, akisema, "Si ni jiwe? Si ameokota jiwe?" Mzee akalitupa rungu, akavua koti la kampuni, na ni yeye aliyenisaidia kumbeba rafiki yangu mpaka kwenye pikapu ya muuza maji. Mpaka hapo nyasi bado zilikuwa kwenye ngumi ya rafiki yangu.

Zahanati ya kampuni ilitukataa mlangoni. Walisema waliogoma wameshafutwa tangu saa mbili, kadi zao hazifanyi kazi. Kliniki nyingine ilimfunga bendeji ikasema huyu ni wa hospitali kubwa, upesi. Hospitali kubwa ziko Nairobi, na barabara ya Nairobi nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Moshi wake tulikuwa tunauona. Nikamwambia mwenye pikapu ageuze, tuende Kajiado. Dada yangu yuko kule, nilimwambia, atafungua tu, ni dada yangu.

Nyuma ya pikapu, rafiki yangu alikuwa akiongea. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu na alitaka kuelewa. "Ero," aliniita, jinsi vijana wa kwao wanavyoitana, "si alishusha? Mzee si alishusha?" Nilimwambia ndiyo, alishusha, nilimwona. "Basi nani amenipiga?" Nilimweleza. Baada ya muda akauliza tena upya, kama hajawahi kuuliza. Tulipopita Isinya maneno yake yalianza kukwaruzana. Lakini alikuwa anasema. Lango la hospitali lilipotokea aliniuliza kabisa, wazi, "Tumefika?" Nilimwambia tumefika.

Manesi walikuwa wamejaa pale nje na matawi na filimbi. Mvua ilikuwa imenyesha mwezi huo, nyasi za kando ya lango zilikuwa zimefika magotini. Lango lilikuwa na mnyororo na kufuli kubwa. Dada yangu alisimama mbele kabisa, na aliponiona nimeruka na shati jekundu kwa damu, alitoa filimbi mdomoni.

"Fungua!" nilimwambia.

"Ni wewe umeumia?"

"Fungua lango, wewe mwanamke!"

Aliangalia ndani ya pikapu, akaniangalia mimi, akaingiza mkono mfukoni. "Ngoja," alisema.

Nikampiga. Kofi la mkono wazi, la shavu, kwa nguvu ile ile niliyokuwa nimeipeleka kwa nondo asubuhi. Kofia yake iliruka. Na kuna kitu kilichotoka kwenye vidole vyake, kidogo, kikang'aa, kikaangukia kwenye nyasi.

Lazima ujue kitu kimoja juu yetu. Baba yetu alikuwa mtu wa makofi. Akirudi amekasirishwa na dunia alikuwa akinitafuta mimi, na dada yangu alikuwa akisimama katikati, anapigwa yeye. Hiyo ilikuwa mpaka alipofika miaka kumi na saba, siku aliyoushika mkono wa baba hewani akamwambia, "Hakuna mtu atanigusa uso tena, si wewe si mwingine." Na kweli hakuna aliyemgusa mpaka siku hiyo ya Kajiado.

Wenzake walinirukia. Sikujua manesi wanapiga hivyo. Walinichapa kwa matawi, kwa viatu, kwa kiti cha plastiki, na watu wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria wakaongeza mateke. Nililala chini nimejikunja, damu yangu sasa imechanganyika na ya rafiki yangu, na mkono wangu ukagusa nyasi. Nikang'oa. Nikainua mkono juu ya kichwa changu nikiwa nimefumba macho, na nilingojea pigo la mwisho.

"Wacheni," sauti ya mama mmoja ilisema. "Ameshika nyasi. Nimesema wacheni." Alikuwa nesi mkubwa, Mmasai, na yeye mwenyewe alikuwa amenipiga na kiatu. Wote wakaacha. Mimi, niliyekuwa nastahili kila kiatu, nyasi ziliniokoa.

Dada yangu hakuwa amenitazama. Alikuwa amepiga magoti, anapapasa chini. "Ufunguo," alisema, shavu lake limevimba. "Nilikuwa natoa ufunguo." Basi tukatafuta. Manesi wote wakaweka matawi yao chini wakatambaa kwenye zile nyasi ndefu zilizolowa, na mimi pamoja nao, nikizigawanya kwa vidole, na jua liko juu ya vichwa vyetu. Nilisikia rafiki yangu akiniita mara mbili kutoka kwenye pikapu. Mara ya tatu haikuwa jina langu, ilikuwa sauti tu. Halafu hakuita. Hatukuuona ule ufunguo. Mwenye pikapu ndiye aliyeleta spana ya gurudumu akaipigapiga kufuli mpaka ikavunjika, na sijui zilipita dakika ngapi, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza mtu aliyekuwa na saa.

Dada yangu alisukuma kitanda yeye mwenyewe. Alifanya kazi mchana kutwa na daktari wa zamu, na hakuna mwenzake aliyemwita msaliti, kwa sababu walikuwa wamekubaliana tangu siku ya kwanza kwamba wa dharura ataingia. Jioni daktari alitoka akaniambia atapona. Akasema damu ilikuwa imekandamiza mahali pa maneno na mahali pa mkono na mguu wa kulia, na kwamba katika mambo ya kichwa kila dakika ina kazi yake. Alisema kwa upole. Hakujua anaongea na nani.

Ukitaka kujua nani alishinda ule ubishi wetu wa Jumapili, ni mimi. Mgomo wa manesi uliisha kwa mkataba uliotiwa sahihi, wote wakarudi wodini, hata aliyeimba kwa sauti kubwa zaidi. Wetu uliisha kwa karatasi iliyobandikwa getini, jina langu likiwa la kwanza, la rafiki yangu la pili, na maofisa wa chama walikuja kutoka Nairobi wakanywa chai ofisini kwa meneja. Kesi iko kortini, inaahirishwa. Kila neno nililokuwa nikimwambia dada yangu lilitokea jinsi nilivyolisema. Na swali lake, nani anakufa, nilikuja kulisikia ile siku natambaa kwenye nyasi: mwajiri wake hakufa, wala wangu. Tulioumizana ni sisi.

Jumapili tuliendelea kwenda kwa mama. Tulipeana chumvi. Hakuna aliyetaja kiwanda wala hospitali, na mama alisema afadhali zile kelele. Mimi nilijiambia kwamba dada ameshasamehe, kwani si alinisafisha vidonda yeye mwenyewe usiku ule? Huo ulikuwa uongo wa kujipendelea, na ilinichukua karibu mwaka kuuona.

Rafiki yangu alirudishwa kwao Ewuaso. Maneno yaliyombakia ni machache: maji, hapana, ero, dada. Huyo dada ni wangu, kwa sababu kila akipata siku ya mapumziko anapanda kwenda kule kumnyoosha mkono na kumfundisha kutembea na fimbo. Mimi nilikuwa nikienda siku asizokuwepo. Nilikuwa napeleka sukari, nakaa kidogo, nakimbia.

Mwezi uliopita nilienda nikamkuta dada yupo. Walikuwa wamekaa nje kwenye kivuli cha nyumba, mkono wa rafiki yangu uko mapajani kwake, anausugua kidole kimoja baada ya kingine. Nilitaka kugeuka. Rafiki yangu aliniona. "Ero," aliita, na ikabidi nikae.

Nikamwambia. Sijui ilitoka wapi. Nilimwambia kwamba alipofika Kajiado bado alikuwa anaongea, kwamba ufunguo ulikuwa tayari mkononi, kwamba ni kofi langu lililoupoteza, na kwamba maneno yake mimi ndiye niliyeyamwaga pale nje ya lango. Nililia kama mjinga. Halafu nikang'oa nyasi miguuni pangu nikamnyooshea.

Alizitazama muda mrefu. Akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akaushika wangu na nyasi zake, na akausukuma pembeni. Nilifikiri amekataa, na nikaona ni haki yake. Lakini aliendelea kuusukuma, taratibu, mpaka zile nyasi zikafika mbele ya dada yangu.

"Dada," alisema.

Dada yangu aliziangalia bila kuacha kusugua. "Hizo ni za kwao," aliniambia. "Kwetu mtu anafungua mdomo."

Rafiki yangu alinitikisia kichwa kunihimiza, jinsi alivyokuwa akiwafanyia vibarua waoga wa kushika kalamu.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Nilikupiga. Nisamehe."

"Ngoja," akasema, "nimalize huu mkono."

Nikangoja.